Mwana Asiyepewa Jina la Babaye

Eduardo De Filippo, mtunzi wa michezo ya kuigiza na mwongozaji wa filamu, alizaliwa mjini Napoli, kusini mwa Italia, tarehe 24 Mei 1900, akapewa jina la kwanza la baba yake na kunyimwa jina la ukoo. Babaye alikuwa Eduardo Scarpetta, mwigizaji na mtunzi aliyevuma mno katika majukwaa ya Napoli ya wakati ule, mtu wa mali na sifa, mwenye mke wa ndoa na watoto wa ndoa. Na mamaye, Luisa De Filippo, alikuwa binti wa ndugu wa mke huyo huyo. Luisa alimzalia Scarpetta watoto watatu, Titina mwaka 1898, kisha Eduardo, kisha Peppino mwaka 1903, na kwa kuwa sheria ya Italia ya siku zile ilimkataza mtu mwenye mke kumkiri mtoto aliyemzaa nje ya ndoa, wote watatu walichukua jina la upande wa mama, wakamwita baba yao ami, naye akawalisha, akawasomesha, akawapandisha jukwaani, akawapa kila kitu isipokuwa nasaba.

Anayetaka kuifahamu kazi ya mtu huyu, iliyodumu miaka 80 tangu alipotiwa jukwaani akiwa na umri wa miaka 4 hata alipofariki mwaka 1984, hana budi kuanzia hapa. Wanaomsifu Eduardo, nao ni wengi, aghalabu humsifu kwa lahaja ya Kinapoli aliyoipa heshima mbele ya walimwengu, au kwa namna yake ya kuigiza, uso mkavu na sauti ya chini, akisema kwa kunyamaza yale ambayo wengine husema kwa makelele. Sifa hizo ni za haki. Walakini mimi naona kwamba chini ya hayo yote kuna kadhia moja aliyoishitaki mbele ya taifa lake maisha yake yote, kadhia ya mtoto na haki yake kwa aliyemzaa, na kwamba michezo yake mikubwa karibu yote ni vikao vya shauri hilo moja.

Zingatia jinsi alivyolelewa katika fani. Scarpetta alikuwa na mchezo wake maarufu, "Miseria e nobiltà", ambamo mtoto mdogo aitwaye Peppeniello, akikimbia njaa ya nyumbani kwao, anaingizwa katika nyumba ya matajiri na mtumishi anayemfundisha kumtaja yeye kuwa ndiye babaye, na mtoto hulikariri neno hilo mara kwa mara huku watu wakicheka. Kazi hiyo ya Peppeniello ilikuwa chuo cha watoto wote wa Scarpetta, wa ndani ya ndoa na wa nje yake, na Eduardo naye akapitishwa humo. Basi kila jioni mtoto yule alisimama mbele ya hadhira na kumwita baba mtu asiye baba yake, na baada ya pazia kushuka akarudi kumwita ami aliyekuwa baba yake kweli. Scarpetta, ambaye katika mambo ya kazi hakuwa na ajizi, alimketisha pia mezani kunakili michezo kwa mkono saa nyingi, na huko ndiko kijana alikojifunza mahali pa kukata maneno, mahali pa kumtoa mtu mlangoni, na muda ambao kimya kinaweza kuvumiliwa. Alipoulizwa katika uzee wake kama Scarpetta alikuwa baba mwema au mkali, alijibu tu kwamba alikuwa mwigizaji mkubwa.

Scarpetta alifariki mwaka 1925, na kikundi chake kilikuwa kimekwisha kumwendea Vincenzo, mwana wa ndoa. Ndugu watatu wa De Filippo walihangaika huku na huko katika vikundi vya watu wengine mpaka walipokusanyika mwaka 1931 na kuunda kikundi chao wenyewe, wakaanza kuigiza michezo mifupi katika jumba la sinema la Kursaal mjini Napoli, kabla ya filamu kuonyeshwa. Siku ya Noeli ya mwaka huo walitoa mchezo wa kitendo kimoja uitwao "Natale in casa Cupiello", ambao Eduardo aliendelea kuukuza miaka iliyofuata hata ukawa wa vitendo vitatu. Luca Cupiello ni mzee fukara anayejenga pango la Noeli kwa karatasi na gundi, na kila mara humwuliza mwanawe wa kiume asiye na kazi kama analipenda pango lile, na mwana kila mara humjibu kwamba halipendi. Nyumba inabomoka kandoni mwake kwa fitina ya ndoa ya binti yake, naye haoni ila pango. Na mwishoni, amelala kitandani akikata roho, anamwuliza mwana lile swali kwa mara ya mwisho, na mwana anampa jibu alilokuwa akilitaka. Eduardo ndiye aliyekuwa Luca, na Peppino akawa mwana. Wana wawili wasiopewa neno na baba yao walisimama jukwaani, mmoja akiwa baba anayeomba neno na mmoja akiwa mwana anayelizuia, na sidhani kwamba Italia imeandikiwa mchezo mwingine wa miaka ile uliomfahamu baba kwa huruma kama huu, ingawa aliyeuandika alikuwa na sababu zote za kumchukia.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi. Kikundi kilipata umaarufu hata kaskazini, ijapokuwa serikali ya Mussolini haikupenda lahaja za mikoa zisikike majukwaani. Luigi Pirandello, mtunzi mkuu wa zama zile, aliwapenda, na Eduardo akaigeuza baadhi ya michezo yake kuwa ya Kinapoli. Mwishoni mwa mwaka 1944 Eduardo na Peppino walitengana kwa ugomvi ambao haukupona sawasawa, Peppino akaenda njia yake ya vichekesho, na Titina akabaki na Eduardo.

Kutengana huko ndiko kulikomfungua. Napoli ilikuwa imepigwa mabomu kuliko miji mingi ya Italia. Watu wake walikuwa wameinuka dhidi ya Wajerumani kwa siku nne, tarehe 27 hata 30 Septemba 1943, na kesho yake majeshi ya Uingereza na Marekani yakaingia, yakileta unga, sigara, fedha za karatasi na ufisadi wa kila aina. Tarehe 25 Machi 1945, vita vikiwa bado havijakwisha kaskazini, Eduardo alitoa mchezo mpya, "Napoli milionaria!", katika jumba la San Carlo lenyewe, jumba la opera la wafalme wa kale, ambamo watu wa chumba kimoja kifunguacho mlango wake njiani hawakuwa wamezoea kuletwa.

Gennaro Jovine ni dereva wa tramu asiye na kazi, na mkewe Amalia anauza kahawa ya magendo humo chumbani mwao. Polisi wakija kupekua, Gennaro hulazwa juu ya kitanda kilichojaa bidhaa na kujifanya maiti, jamaa wakamzunguka kwa vilio na mishumaa. Na siku moja sajini asiyedanganyika anaketi kando ya maiti ile kuingoja ifufuke, king'ora kinalia, mabomu yanaanguka, na Gennaro hatikisiki. Watu hucheka sana hapo. Kisha Gennaro anachukuliwa na Wajerumani, anateseka, na anaporudi anaikuta nyumba yake ina dhahabu na mapambo, mke amepata mshirika wa biashara, binti ana mimba ya askari aliyekwisha kwenda zake, mwana anaiba magurudumu ya magari, na hapana hata mmoja anayetaka kusikia habari za vita, kwani kwao vita vimekwisha. Anayewarudisha katika ubinadamu ni mtoto mdogo wa nyumba ile, Rituccia, ambaye anaugua na dawa yake haipatikani kwa mali yoyote, kwa sababu dawa nazo zimefichwa na wafanya magendo. Mwenye dawa anatokea, naye ni jirani ambaye Amalia alimfilisi kidogo kidogo kwa kumuuzia chakula cha watoto wake mpaka akamnyang'anya nyumba. Mtu huyo anaitoa dawa bure, asipokee hata senti, ila anamtaka Amalia aelewe. Eduardo alisimulia baadaye kwamba pazia liliposhuka pale San Carlo watu walikaa kimya kwa muda uliomwogofya, kisha kelele na vilio vikafumka kwa pamoja.

Mwaka 1950 aliugeuza mchezo huo kuwa filamu, akaiongoza mwenyewe, na Totò, mchekeshaji mpendwa kuliko wote wa Napoli, akaigiza humo mtu anayekodishwa kulala mahali pa maiti. Ni filamu njema, yenye njia na madirisha na umati ambao jukwaa haliwezi kuubeba, ila kwangu mimi imepoteza kitu kimoja kisicho na fidia, nacho ni chumba kile kimoja, ambamo mtazamaji wa jukwaani hufungiwa pamoja na jamaa ile mpaka aone aibu yao kuwa aibu yake.

Mwaka ule ule wa 1946 ambao Waitalia, na wanawake wao kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa zima, waliuondoa ufalme kwa kura na kuchagua baraza la kuandika Katiba, Eduardo aliandika "Filumena Marturano". Mchezo huo ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 7 Novemba katika jumba la Politeama la Napoli, na Eduardo aliuandika kwa ajili ya dada yake Titina, aliyekuwa na haki ya kuzungumza jukwaani habari ya kadhia iliyowahusu wote watatu. Filumena ni mwanamke aliyetoka katika umaskini wa kutisha, akaangukia nyumba ya malaya akiwa msichana, akatolewa huko na Domenico Soriano, tajiri mwenye maduka ya keki, akamtumikia miaka 25 kama mke na kama kijakazi bila ya ndoa. Domenico anapokusudia kumwoa msichana mdogo, Filumena anajilaza kitandani kama mtu aliye katika sakarati ya mauti, kasisi anaitwa, ndoa inafungwa ili afe na sitara, na mara ikiisha kufungwa anainuka mzima. Wakili anakuja na kitabu cha sheria kuthibitisha kwamba ndoa ya hila ni batili, na Filumena, asiyejua kusoma, anaikubali sheria ile. Hapo ndipo anapofunua siri yake ya mwisho: kati ya wana wake watatu wanaume, aliowalea kwa siri kwa fedha alizochopoa katika mifuko ya Domenico, mmoja ni mwana wa Domenico. Yupi, hasemi.

Ustadi wa mchezo umo katika kutosema huko. Domenico anawazungukia vijana watatu, mmoja fundi bomba, mmoja mwenye duka la mashati, mmoja mtu wa kalamu, anawachunguza kama wanapenda wanawake, kama wanaweza kuimba, akitafuta damu yake katika sauti zao, na kila dalili inampeleka kwa wote na haimfikishi kwa mmoja. Filumena amekwisha kufahamu jambo ambalo sheria haijalifahamu, kwamba akimtaja mmoja, yule atakuwa mwana na wawili watakuwa wageni, na kesho yake ndugu watauana kwa urithi. Basi anamlazimisha baba kuwa baba wa watatu au kutokuwa baba kabisa, na mwishoni Domenico anakubali, anafunga ndoa ya haki, na vijana wanapoondoka wanamwita baba. Eduardo mwenyewe alimwigiza Domenico. Ndiye aliyevaa joho la baba mwenye kukana, akatembea nalo mpaka mahali ambapo Scarpetta hakufika.

Si ajabu kwamba Titina aliitwa mbele ya Papa Pius wa 12 akayasoma maneno ya Filumena anapozungumza na Bikira wa kichochoroni, usiku alipoamua kutoitoa mimba yake. Na Katiba iliyokuwa ikijadiliwa Roma miezi ile ile, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948, iliandika katika kifungu chake cha 30 kwamba ni wajibu na haki ya wazazi kuwatunza, kuwasomesha na kuwalea watoto wao, hata waliozaliwa nje ya ndoa. Sisemi kwamba mchezo ndio uliozaa kifungu. Nasema kwamba vyote viwili vilitoka katika taifa lililokuwa likihesabu watoto wake baada ya vita.

Titina aliigiza tena katika filamu ya "Filumena Marturano" aliyoiongoza Eduardo mwaka 1951. Walimwengu wengi, hata hivyo, waliijua hadithi hii kwa filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1964, "Matrimonio all'italiana", yenye Sophia Loren na Marcello Mastroianni, ambayo ni ya kupendeza macho na imejaa jua. Lakini anayewalinganisha Loren na Titina ataona kwamba Titina, mwanamke mnene wa makamo asiye na uzuri wa kuuza tikiti, ndiye anayetisha. Kuhusu filamu nyingine alizoongoza Eduardo, si zote zina thamani moja. Nyingi alizifanya ili apate fedha ya jukwaa, wala hakuna fedheha katika hilo. Iliyonivutia ni "Napoletani a Milano" ya mwaka 1953, ambamo vibanda vya maskini wa Napoli vinaanguka kwa ajili ya kiwanda cha watu wa Milano na kuua watu, kisha majirani wanasafiri kaskazini wakijidai kuwa ndio jamaa za marehemu, na badala ya fidia wanapewa kazi kiwandani. Nasaba ya uongo inakuwa mlango wa mkate wa halali. Peppeniello amekua, amepanda gari la moshi.

Fedha ile ilikwenda wapi, mji wote wa Napoli ulijua. Mwaka 1948 alinunua magofu ya jumba la San Ferdinando, lililovunjwa na mabomu katika mtaa wa watu wa kawaida, akalijenga upya kwa gharama iliyomlemea kwa miaka, na kulifungua tarehe 22 Januari 1954. Zama hizo hizo alitunga "Le voci di dentro", ambamo mzee mmoja amekata tamaa ya kusema na binadamu na huzungumza kwa fataki, na "Sabato, domenica e lunedì" ya mwaka 1959, inayojengwa juu ya sufuria ya mchuzi wa nyama unaopikwa tangu Jumamosi kwa ajili ya meza ya Jumapili.

Mwaka 1960 alifiwa na Luisella, binti yake mdogo, na mwaka uliofuata mama wa mtoto huyo, Thea Prandi, naye akafariki. Mwaka huo wa 1960 ndio wa mchezo ambao mimi huuweka kando ya "Filumena", nao ni "Il sindaco del rione Sanità". Antonio Barracano, mzee wa miaka 75 aliyewahi kuua, huamua mashauri ya maskini wasio na wakili katika mtaa wa Sanità, na siku moja anajiwa na kijana aliyekwisha kuazimia kumwua baba yake mzazi, mwoka mikate tajiri, aliyemkana na kumwacha ateketee kwa njaa pamoja na msichana mwenye mimba. Barracano anakwenda kumnasihi baba, na baba anamchoma kisu. Mzee analificha jeraha lake hata kufa, ili watu wake wasilipize kisasi na damu isizae damu. Katika "Filumena" baba anashindwa kwa upendo. Humu hashindwi na chochote, na gharama yake inalipwa na mtu wa tatu. Ni jibu chungu zaidi, na nadhani Eduardo hakutaka tulisahau.

Sifa zilimjia kutoka ng'ambo pia: mwaka 1973 Franco Zeffirelli aliongoza "Sabato, domenica e lunedì" katika jumba la taifa la maigizo la London, akiwemo Laurence Olivier miongoni mwa waigizaji. Mwaka huo huo Eduardo alitoa "Gli esami non finiscono mai", mchezo mkubwa wa mwisho alioutunga. Tarehe 26 Septemba 1981 Rais Sandro Pertini alimteua kuwa seneta wa maisha, na watu waliodhani kwamba mzee wa miaka 81 angekaa katika kiti kile kama pambo walikosea. Hotuba yake katika Baraza la Seneti, mwezi Machi 1982, haikuhusu majukwaa wala ruzuku za wasanii. Ilihusu vijana waliofungwa katika chuo cha Filangieri, gereza la watoto mjini Napoli, ambao aliwatembelea na kuwasaidia. Aliomba kijengwe kijiji ambamo wangeishi na kufanya kazi, wakirithishwa ufundi wa kale wa mji wao, wasirudishwe njiani mikono mitupu. Miaka mitatu baada ya kufa kwake, mkoa wa Campania ulipitisha sheria ya kuwasaidia watoto walio katika hatari ya kuingia uhalifuni, na watu wakazoea kuitaja kwa jina lake la kwanza, ambalo Italia nzima ilikuwa imelizoea, kwa kuwa la ukoo halikuhitajika tena.

Septemba 1984, mjini Taormina, alisimama kwa shida mbele ya watu, macho yake yakiwa yamefifia, akazungumza habari ya baridi kali ambayo ndiyo maisha ya jukwaa, na akamtaja mwanawe Luca, mwigizaji, kwamba alikuzwa katika baridi hiyo bila ya kupendelewa. Jambo ambalo babaye hakulifanya, kumtaja mwana mbele ya hadhira, yeye alilifanya, na pamoja nalo akaungama ukali wake. Alifariki Roma tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Luca aliendelea kuigiza michezo ya babaye mpaka kufa kwake mwaka 2015, na miongoni mwa kazi zake za baadaye ilikuwa ile ya Domenico Soriano, chini ya uongozi wa Francesco Rosi. Sheria iliyoufuta kabisa mgawanyo wa watoto wa ndani na wa nje ya ndoa, ikawapa wote hadhi moja katika jamaa na katika urithi, Bunge la Italia liliipitisha mwaka 2012, miaka 66 baada ya Filumena kukataa kumtaja mwana wa Domenico.